Kisichoguswa Hakina Mwenyewe

Tarehe 14 Februari

Kaka yangu,

Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo niliyoipindua, ndani ya stoo ya mifagio, maana hospitali nzima hapa ndipo penye kimya. Sisi wazima. Mama hajambo ila magoti, na magoti yake unayajua, kila siku yana habari mpya.

Mpwa wako ametimiza miaka miwili na nusu na jina la Meneja limemganda. Akiamka anaweka mikono nyuma, anazunguka chumba, anakagua. Juzi maji yalimwagika, akamnyooshea bibi yake kidole. Mama akasema, "Samahani bosi, nakausha sasa hivi." Lakini na Mama naye hajaacha mambo yake. Gari la Meneja la kopo lilikaa siku mbili chini ya meza, akalifagia moja kwa moja hadi jalalani. Nikamwambia, "Mama, mtoto atalitafuta." Akanijibu kama alivyokuwa akitujibu sisi, "Kisichoguswa hakina mwenyewe." Unakumbuka kiatu chako cha shule?

Sasa tega sikio nikupe habari njema. Unajua moyo wa Meneja una tundu. Wale madaktari wa kupasua mioyo ya watoto huja hapa mara tatu kwa mwaka, wanakaa wiki moja, wanapasua kumi na wanne, wanaondoka. Orodha ya mwezi wa tano imefungwa juzi, na Meneja ni WA NNE. Nimeiona namba yake kwa macho yangu kwenye kompyuta ya masjala, maana mimi ndiye ninayepiga deki chumba kile. Nesi wa masjala, tunamwita Mama Kalamu kwa ile kalamu iliyoota sikioni kwake, alinigeuzia kioo nisome. Wa nne, Kaka!

Daftari la karatasi limestaafu tangu mwaka jana. Sasa orodha iko mawinguni, ndivyo alivyotuambia fundi kompyuta kabla hajaacha kazi mwezi uliopita. Hapo ndipo nilipokukumbuka. Majirani wakimuuliza Mama kazi yako, anasema unauza mawingu. Hebu niandikie vizuri nimweleze.

Ningekupigia nikwambie ya namba nne, lakini ile sheria yetu iko palepale. Simu bado inaning'inia kwenye msumari wake, na Mama bado anapita mbali nayo. Tangu simu ile ya kifo cha Baba, na ile yako ya salamu iliyomwangusha akavunja mkono, hakuna anayepiga. Simu ni ya msiba, maongezi ni ya barua. Nami napenda barua, maana humo hunikatizi.

Mdogo wako,
Chiriku


Tarehe 2 Machi

Chiriku,

Barua yako imefika ikinuka dawa ya kudekia, nikajua ni wewe kabla sijaifungua. Mimi mzima. Chumba changu ni kilekile, dirisha linatazama ukuta wa watu. Mpe Mama pole ya magoti. Kiatu nakikumbuka, nilikwenda shule na ndara mwezi mzima. Na namba nne! Nimeisoma kwa sauti hadi jirani akagonga ukuta.

Mwambie Mama siuzi mawingu. Chukua nyumba moja kubwa, igawe vyumba kwa mbao. Kila mpangaji ana mlango wake na ufunguo wake, anajiona ana nyumba nzima peke yake. Nyumba hiyo ndiyo seva, kompyuta kubwa iliyofungiwa kwenye jengo la mbali, na ndiyo wanayoiita wingu. Vile vyumba ndivyo mashine pepe. Hospitali inapanga chumba chake, shule chake, duka chake. Sasa lazima awepo wa kufungua vyumba, kugawa funguo na kufagia mpangaji akihama. Huyo ndiye programu yangu. Ni msimamizi wa nyumba, basi.

Ni programu huria. Yeyote anaichukua bure, anasoma ilivyoandikwa, akiona kosa anarekebisha. Ndiyo maana imeenea hadi mahali nisipopajua. Zamani tuliitunza watu saba. Mmoja akaoa, mmoja akaugua, wengine wakachoka kutukanwa na watu wasiolipa hata asante. Nimebaki mimi na mwenzangu mmoja anayeonekana kama mwezi mwandamo. Mchana natunza kompyuta za ofisi ya watu wa mabomba ya maji, ndiyo inayonilisha. Programu naishika saa ya chakula na Jumapili.

Ila safari hii wamenishukuru. Watu walikuwa wanafungua vyumba, wanasahau, na vyumba vinaendelea kula umeme bila mtu ndani. Nikaweka kanuni mpya. Chumba kikikaribia siku thelathini bila kuguswa, aliyekifungua anaandikiwa barua pepe mara tatu. Asipojibu, kinafungwa, vitu vyake vinawekwa pembeni siku saba, kisha vinatupwa. Mwambie Mama nimeiba kanuni yake. Hata maneno yake nimeyaweka mlemle, kwenye Kiswahili cha programu, maana tafsiri naifanya mimi. Ataringa.

Mpakate Meneja kwa niaba yangu. Mwambie mjomba wake naye ana bosi.

Kaka yako


Tarehe 17 Machi

Kaka yangu,

Barua yako haijafika bado, labda posta wameikalia, lakini nimeona nisisubiri. Hatujambo. Mama anakusalimu. Meneja amejifunza kusema "haya kazini," akisema anatufukuza wote chumbani.

Kuna kioja kidogo masjala. Jana Jumatatu Mama Kalamu alifungua kompyuta amtafute mtoto mmoja kwenye orodha ya moyo, orodha haipo. Si kwamba imejificha, chumba chote cha orodha hakipo. Mimi nilikuwa hapohapo na deki langu. Akaniita, "Chiriku, wewe una macho ya ujana, hebu nisomee." Kioo kizima kiko tupu, katikati maneno machache. Nimeyanakili nyuma ya kadi ya kliniki:

"Mashine hii haikuguswa siku thelathini. Kisichoguswa hakina mwenyewe. Imewekwa pembeni siku saba kuanzia tarehe 14 Machi, kisha itaondolewa. Wasiliana na fundi wako."

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Maneno ya Mama kabisa! Nikamwambia Mama Kalamu, kumbe hata mashine zina mama. Naye akacheka, kisha akaacha kucheka. Alimpigia yule fundi aliyehama, namba yake haipo tena. Orodha ilifungwa mwezi wa pili, na hakuna sababu ya kuigusa hadi madaktari waje mwezi wa tano. Sasa nani angeigusa?

Mganga mkuu amesema wataandika maombi kwa wahusika. Mama Kalamu amenishika bega, "Wako tunamjua, wa nne, usihangaike." Kwa hiyo sihangaiki. Ila wewe unakaa na watu wa mambo haya. Kama unamjua fundi wa kuvirudisha vitu vilivyowekwa pembeni, muulize. Nilishika simu pale msumarini ili nikupigie, Mama akaniona, akakaa chini palepale alipokuwa. Nikairudisha. Nikaona orodha si msiba, itafika kwa barua.

Chiriku


Tarehe 5 Aprili

Chiriku,

Nimeipata barua yako jana. Natumaini Mama na Meneja hawajambo. Hapa mvua.

Mafundi nawajua. Wamechelewa.

Usitegemee neno la mtu mmoja. Nenda masjala na kadi ya Meneja mkononi, hakikisha jina lake limeandikwa upya, na namba uione mwenyewe. Wakikwambia wanakujua, waambie waandike. Niambie pia kama hospitali ilikuwa na nakala mahali pengine, hata kwenye karatasi, hata nusu yake.

Siku nyingine likitokea jambo kama hilo, piga simu. Hata Mama akikaa chini. Sikulaumu. Nasema tu, piga.

Mimi simu yangu nimeizima kwa muda. Kuna watu wananitafuta kwa maneno makali, habari za kazi. Nikitulia nitaiwasha.

Meneja anapumuaje?

Kaka


Tarehe 9 Mei

Kaka yangu,

Salamu zako zimefika, na mvua yako nimeiona, karatasi ilikuwa na madoa. Mama anakwenda kwa fimbo sasa, anasema ni ya kuchapia watu, si ya kutembelea. Meneja anakusalimu. Amepata mtindo mpya, hataki kulala chini. Analala wima begani kwangu kama kasuku. Mama anasema namdekeza. Mimi naona anapenda tu.

Madaktari wamekuja na wameondoka jana.

Nakueleza bila kuzungusha. Tarehe 23 Machi walibandika tangazo mlangoni, watoto wote wa moyo waandikishwe upya, anayetangulia ndiye anayetangulia. Niliwaona kinamama wamejipanga hadi kwenye ngazi. Nikawapita na ndoo yangu. Niliwaambia, "Samahani kina mama, inueni miguu, nadeki." Nilidhani ni wale wapya, maana mimi nilishaambiwa wangu anajulikana. Tangu wiki hiyo Mama Kalamu alikuwa likizo ndefu, na karani aliyeshika zamu hanijui mimi wala Meneja. Barua yako ndiyo iliyonipeleka dirishani, tarehe 22 Aprili. Nikapewa namba thelathini na moja.

Wamepasua kumi na wanne, kama kawaida yao. Mama Kalamu aliporudi alilia pale kwenye kiti. Alikwenda hadi kwa daktari mkubwa. Daktari akamwuliza, "Nimtoe yupi?" Akarudi. Mimi nisingetaka wamtoe mtu, Kaka. Mama wa aliyekuwa wa kumi na nne nilimshikia mtoto akienda chooni.

Wamesema Septemba. Orodha ya Septemba itaandikwa Jumatatu, na namba zetu zinaendelea palepale. Hata tusipofikiwa Septemba, sisi tutakuwa wa kwanza kwanza safari inayofuata. Septemba si mbali. Kucha za Meneja zimebadilika rangi kidogo, karani anasema ni baridi. Baridi hakuna, lakini huenda ni ya asubuhi.

Nakala hawakuwa nayo. Uliuliza, najibu.

Na mimi nina langu la kuuliza. Barua yako ya vyumba na wapangaji ilifika tarehe 24 Machi. Nimeisoma mara nyingi. Sikumsomea Mama ile sehemu yake. Nilisema moyoni, Kaka atasema mwenyewe. Ukaandika "mafundi nawajua," ukanyamaza. Basi nakuuliza, ili nisiendelee kujiuliza peke yangu nikiwa nimembeba mtoto. Ni wewe?

Chiriku


Tarehe 28 Mei

Mdogo wangu,

Mama apone magoti, na fimbo yake nimeicheka nikiwa peke yangu, kisha nikasoma iliyofuata.

Ni mimi.

Nilijua tangu mstari ule ulionakili. Hakuna mwingine duniani aliyeandika maneno yale. Barua yako ilifika tarehe 4 Aprili. Vitu vya chumba chenu vilitupwa tarehe 21 Machi. Ulipokuwa unaandika vilikuwa bado vipo pembeni, salama, na wakati huo simu yangu ilikuwa inawaka. Ungenipigia, ningekwambia umpe Mama Kalamu simu, nikamwelekeza wapi pa kubonyeza, na vingerudi kabla hujamaliza kudeki. Dakika kumi. Ndiyo maana sikuweza kuandika. Ningeandika nini? Kwamba ungevunja sheria ya Mama ungeokoa namba nne? Sheria ile tuliiweka sote wawili, tukiwa tumekaa hospitalini Mama anafungwa mkono. Na ile ya siku thelathini niliiweka mimi peke yangu.

Zile barua pepe tatu zilikwenda kwa fundi aliyehama. Programu yangu iliona hakuna aliyejibu, ikaamini hakuna mtu. Sikuwahi kufikiri kuna vyumba ambavyo mwenyewe anasubiri tu. Nilifikiri asiyegusa amesahau.

Hamkuwa peke yenu. Watu wengine wanne wamepoteza vitu, nao wananiita majina ambayo siwezi kukuandikia. Yule mwenzangu wa mwezi mwandamo amejitoa kabisa. Nilitaka kuacha. Kisha nikaona nikiacha, kanuni itabaki vilevile kwenye nyumba zote, na hakuna wa kuitoa.

Nimeitoa. Toleo jipya liko nje tangu mwisho wa Aprili, na linajiingiza lenyewe. Sasa mashine ikikaa siku thelathini, programu inauliza watu wote wa ofisi ile, siyo mmoja, na inasubiri. Pasipo mtu kujibu haifuti kitu, hata miaka ipite. Maneno ya Mama nimeyaondoa.

Mtoto kulala wima si mtindo, Chiriku. Mpeleke tena, usisubiri Septemba, uwaambie hivyohivyo, analala wima, kucha zina rangi. Nimeomba ruhusa, nitakuja mwezi wa saba. Namtengenezea gari la kopo, magurudumu manne yanazunguka. Mwambie mjomba anakuja kukaguliwa.

Usinisamehe haraka.

Kaka


Tarehe 22 Juni

Kaka yangu,

Barua yako ilifika Jumatatu ya wiki iliyopita. Ilikuta nyumba ina watu wachache, wengi walishaondoka.

Meneja alifariki tarehe 30 Mei, asubuhi, begani kwangu, tukiwa kwenye foleni ya kumwona daktari. Nilikuwa nimempeleka bila kuambiwa na mtu, nataka ujue hilo. Mbele yetu walikuwa wawili. Nilidhani amelala. Mwanamke aliyekaa nyuma yangu ndiye aliyeuona uso wake.

Tulikupigia. Mama mwenyewe ndiye aliyeitoa simu msumarini, akavaa miwani, akabonyeza namba zako moja moja bila kutetemeka. Haipatikani. Akabonyeza tena. Mara nne, Kaka. Alipoirudisha alisema, "Miaka yote nimeiogopa, siku yake imefika haina kazi." Tukamzika bila wewe. Baba yake naye hakuja, huyo tulishamzoea. Mama Kalamu alikuja na watu wote wa masjala, hata yule karani. Huyo alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi, hakujua aitie wapi.

Barua yako nilimsomea Mama yote, na ile sehemu yake pia. Kisha akaniuliza lile gari la kopo alilitupa tarehe ngapi. Nikasema sikumbuki. Naikumbuka vizuri sana.

Umesema nisikusamehe haraka. Sina haraka. Siku nyingine nikiamka nakuchukia hadi nipige mswaki. Siku nyingine najichukia mimi na ndoo yangu, nikiwaambia wale kina mama wainue miguu. Mama anajichukia kila siku, kwa zamu ndefu. Tukigawana chuki hivi haibaki kubwa ya mtu mmoja, lakini haiishi.

Nimerudi kazini leo. Nilikuwa nadeki masjala, karani akaniita kwa adabu, "Dada, samahani, kuna swali hapa, linamtaka mtu yeyote wa ofisi." Nikasoma. "Mashine hii haijaguswa kwa siku thelathini. Je, kuna mtu anayeihitaji?" Chini kuna ndiyo na hapana. Ni ile orodha ya Septemba. Nilifuta mkono kwenye aproni, nikabonyeza ndiyo. Nikamwambia karani, "Kuanzia leo kila Jumatatu nikimaliza kudeki naifungua naifunga, hata kama mashine haiulizi." Akasema, "Sawa, dada."

Ilipofunguka nikaona majina. Meneja yumo bado, kwa jina lake la kadi. Karani akawa anatazama dirishani. Nikamwuliza nani anamfuata. Ni mtoto wa kike wa miezi kumi na moja. Nikamwomba anionyeshe pa kubonyeza, nikamtoa mwanangu mwenyewe, na yule wa kike akapanda akakaa mahali pake. Majina yote ya chini yalipanda, moja moja.

Hapo ndipo nilipojua Mama alitudanganya tangu utotoni. Simgusi tena, Kaka, na ni wangu.

Mwezi wa saba uje. Gari lake usiache kulimalizia, ulilete hivyohivyo.

Na washa simu. Hii barua ikishakufika, Jumapili inayofuata saa kumi jioni tutapiga, Mama amekubali kukaa karibu. Nitaanza kwa kukwambia hakuna aliyekufa, ili upumue. Kisha tutaongea hata kama hakuna la kusema, na ukitaka unikatize.

Chiriku